Dawa ya utando wa mtoto ilivyotoka shambani, na bakteria wa udongo wanavyopambana na ukungu wa mazao

Bariadi. Mkazi yeyote wa Bariadi, Itilima au Maswa anaijua harufu inayopanda kutoka ardhini pale mvua ya kwanza inapogusa udongo uliokaa miezi mingi bila maji. Wengi tunaiita harufu ya mvua, lakini haitoki mawinguni. Sehemu kubwa inatokana na bakteria wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye udongo na kuitwa streptomisesi. Wao ndio hutengeneza kemikali inayoitwa jiosmini, na pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo sana.

Bakteria hao hao ndio waliotupatia chupa ndogo ya matone ambayo mama wengi wamewahi kuandikiwa kliniki, mtoto mchanga alipoota utando mweupe mdomoni na kukataa kunyonya. Dawa hiyo ni nistatini. Kabla ya kufika kwenye kabati la duka la dawa, ilikuwa ni silaha ya bakteria mmoja dhidi ya fangasi, ndani ya udongo wa shamba.

Kwa mkoa kama Simiyu, ambako familia nyingi zinategemea pamba, mahindi, mpunga, karanga na dengu, habari hii haiishii kwenye kinywa cha mtoto. Fangasi anayeharibu mazao shambani na ghalani ndiye pia anayeweza kuingia kwenye uji wa mtoto. Ndiyo maana mzazi anapaswa kujua ni nini sayansi imepata kutoka udongoni, nini bado hakijapatikana, na nini anaweza kufanya leo nyumbani kwake.

Kinamama wawili na kopo la udongo

Mwishoni mwa miaka ya 1940, wanasayansi wawili wa Idara ya Afya ya Jimbo la New York nchini Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walikuwa wanatafuta dawa ya fangasi. Wakati huo antibiotiki za kuua bakteria zilikuwa zimeanza kuokoa maisha ya watu wengi, lakini wagonjwa waliozitumia walianza kusumbuliwa na fangasi mdomoni na tumboni. Dawa salama ya kuwatibu haikuwapo.

Hazen alikuwa mjini New York, Brown alikuwa Albany, na walishirikiana kwa njia ya posta. Hazen alipima sampuli za udongo kutoka sehemu mbalimbali, akaotesha bakteria waliomo, na waliofukuza fangasi akawatuma kwa Brown ndani ya chupa. Brown alikuwa mkemia. Kazi yake ilikuwa kutenganisha kemikali iliyokuwa ikifanya kazi. Nyingi ziliua fangasi lakini pia zilikuwa sumu kwa wanyama wa maabara.

Iliyofaulu ilitokana na udongo ambao Hazen aliuchukua kwenye shamba la marafiki zake, familia ya Nourse, katika jimbo la Virginia. Mwaka 1950 walitangaza ugunduzi wao, na dawa ikapewa jina nistatini kwa heshima ya jimbo la New York. Mrabaha wa dawa hiyo ulizidi dola milioni 13 za Marekani, na wawili hao hawakujiwekea fedha hizo. Zilielekezwa kwenye utafiti wa kisayansi.

Nistatini inafanya kazi kwa namna rahisi kueleza. Ukuta laini unaozunguka chembe hai ya fangasi una mafuta maalumu yanayoitwa ergosteroli. Dawa hujishikiza kwenye mafuta hayo na kutoboa ukuta, fangasi akavuja na kufa. Chembe za mwili wa binadamu hutumia kolesteroli badala ya ergosteroli, kwa hiyo haziguswi sana. Zaidi ya hapo, mtoto akimeza matone hayo, karibu yote hupita tumboni bila kuingia kwenye damu. Hiyo ndiyo sababu hutolewa hata kwa watoto wachanga.

Mzazi akumbuke mambo machache. Utando wa fangasi haufutiki kirahisi kama mabaki ya maziwa. Usiusugue kwa kitambaa, chumvi au kidole, kwani utamtoa mtoto damu na kumwongezea maumivu. Matone yatumike siku zote zilizoandikwa hata kama utando umetoweka mapema. Mama anayenyonyesha akiwa na chuchu zinazouma au kuwasha aseme kliniki, maana fangasi huweza kuhama kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama na kurudi. Utando ukirudi mara kwa mara, mtoto anahitaji kuchunguzwa na si kuongezewa chupa nyingine.

Vita ya chini ya ardhi

Kwa nini bakteria wa udongo watengeneze dawa ya fangasi? Jibu ni ugomvi wa chakula. Ndani ya udongo kuna mabilioni ya viumbe vidogo wanaogombea mizizi, majani yaliyooza na mabaki ya mazao. Anayeweza kumzuia jirani yake kwa kemikali ndiye anayeshiba.

Nistatini si pekee. Mwaka 1955 watafiti walipata natamisini kutoka kwa bakteria wa udongo uliochukuliwa Natal, Afrika Kusini. Leo natamisini hutumika kwenye maganda ya jibini ili yasiote ukungu, na pia ni tone la macho kwa wagonjwa wenye fangasi kwenye kioo cha jicho.

Tone hilo linawahusu wakulima moja kwa moja. Fangasi wa jicho mara nyingi huanza pale jani la mahindi, kijiti cha pamba au punje ya mpunga inapochubua jicho la mtu akiwa shambani. Jicho likichubuliwa na mmea, kisha likawa jekundu, linauma na kuogopa mwanga, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kulitia maji ya majani, maziwa ya mama au dawa ya macho iliyobaki kwa jirani kunaweza kumpotezea mtu uwezo wa kuona. Baadhi ya matone ya macho yana steroidi, ambayo humpa fangasi nafasi ya kuenea.

Kutoka kinywani hadi jaruba la mpunga

Wazo la kuwatibu mimea kwa dawa zilizotoka kwa bakteria lilifuata haraka. Nistatini yenyewe ilijaribiwa kwenye miti ya Marekani iliyokuwa inakufa kwa fangasi, na baada ya mafuriko ya mwaka 1966 mjini Florence, Italia, ilitumika kuzuia ukungu kwenye michoro ya kale iliyolowa.

Waliokwenda mbali zaidi ni Wajapani. Mpunga wao ulikuwa ukishambuliwa na blasti, ugonjwa wa fangasi unaochora madoa kwenye majani na kukausha shingo ya suke, ambao wakulima wa mpunga wa Tanzania nao wanaujua. Japani ilikuwa inapulizia dawa zenye zebaki, sumu inayobaki kwenye mchele na kumdhuru mlaji. Mwaka 1958 wakapata blastisidini kutoka kwa streptomisesi wa udongo. Ilizuia blasti kwa dozi ndogo sana, lakini ilikuwa na kasoro: iliunguza macho ya waliokuwa wanapulizia.

Mwaka 1965 timu ya mtafiti Hamao Umezawa ilitangaza kasugamisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa eneo la hekalu la Kasuga katika mji wa Nara. Hii ilikuwa na sumu ndogo kwa binadamu na wanyama, na ilisaidia Japani kuondokana na zebaki kwenye mpunga. Hata hivyo, wakulima walipoitumia peke yake msimu baada ya msimu, fangasi wa blasti wakaizoea. Miaka ya 1970 baadhi ya maeneo yalikuta dawa haifanyi kazi kama zamani.

Kuna mafunzo mawili hapo kwa familia ya Simiyu. La kwanza, neno “asili” kwenye kibandiko halimaanishi salama. Blastisidini ilikuwa ya asili na iliunguza macho. La pili, dawa yoyote ikitumiwa ovyo, mdudu huizoea, kama tunavyoambiwa kila siku kuhusu antibiotiki za hospitali.

Bakteria hai ndani ya mfuko

Siku hizi kampuni nyingi hazitoi kemikali iliyochujwa tu, bali bakteria wenyewe wakiwa hai. Anayetumika sana ni basilasi sabtilisi. Aina yake moja maarufu ilipatikana kwenye udongo wa bustani ya pichi huko California, Marekani. Basilasi ana uwezo wa kujikunja ndani ya ganda gumu na kusinzia, hivyo hukaa muda mrefu kwenye mfuko bila kufa. Akifika kwenye jani au mzizi wenye unyevu huamka, hula, hushika nafasi na kutoa kemikali kama ituriini na fengisini zinazotoboa ukuta wa fangasi. Pia huuchokoza mmea ujiandae kujilinda.

Udhaifu wake nao ujulikane. Dawa ya namna hii hukinga zaidi kuliko inavyotibu. Mmea ukishanyauka, bakteria hawaufufui. Jua kali na ukame hupunguza nguvu zao, na mfuko uliokaa kwenye duka lenye joto au uliopita muda wake unaweza kuwa na bakteria waliokwishakufa.

Kwa wakulima wa pamba wa Simiyu, adui mkubwa wa jamii ya fangasi ni mnyauko fuzari, uliotambuliwa Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1950. Fangasi huyu hukaa udongoni kwa miaka mingi, huingilia mizizi, huziba mishipa ya maji na kuacha mmea ukinyauka huku ardhi ina unyevu. Hakuna dawa ya kupulizia inayomfikia huko ndani. Kinga kubwa imetoka kwa watafiti wa mbegu wa Ukiriguru, Mwanza, ambao kwa miongo kadhaa wamezalisha aina za pamba zinazostahimili ugonjwa huo. Ndiyo sababu mkulima anashauriwa kupanda mbegu iliyothibitishwa na kung'oa na kuchoma maotea.

Bakteria wazuri nao hawahitaji kununuliwa wote. Samadi iliyooza vizuri na kubadilisha mazao, kwa mfano pamba msimu huu na dengu, choroko au mtama msimu ujao, huwapa bakteria wa asili chakula na nafasi ya kumbana fangasi. Kuna mashamba katika nchi kadhaa ambako fangasi wa mnyauko yupo lakini mimea haiugui, na watafiti wamekuta kuwa viumbe vidogo wa udongo huo ndio wanaomzuia.

Sumu iliyomo kwenye bakuli la uji

Kwa mzazi, fangasi wa kuogopwa kuliko wote ni yule anayeota kwenye mahindi na karanga na kutoa sumukuvu. Sumukuvu nayo ni kitu cha asili kabisa, na bado Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeiweka kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Watanzania walionja madhara yake mwaka 2016. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua kwa macho ya njano, maumivu ya tumbo, kutapika na tumbo kujaa maji. Wagonjwa 68 walitambuliwa na 20 kati yao walifariki dunia. Uchunguzi ulionyesha kuwa chanzo kilikuwa mahindi yaliyolimwa na familia zenyewe. Nchini Kenya, mwaka 2004, mlipuko kama huo katika wilaya za mashariki uliwapata watu 317 na kuua 125.

Vifo vya ghafla ni sehemu ndogo ya tatizo. Kiasi kidogo kinacholiwa kila siku kwa miaka huharibu ini taratibu, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B hatari ya saratani huongezeka mara nyingi. Sumukuvu hupita pia kwenye maziwa ya mama na ya ng'ombe. Sumu nyingine ya ukungu wa mahindi, fumonisini, hutolewa na fangasi wa jamii ya fuzari, ndugu wa yule anayenyausha pamba. Utafiti wa Rombo, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2010, uliona kuwa watoto waliokula fumonisini kupita kiwango walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao walipofikisha mwaka mmoja.

Uji wa lishe wenye mahindi na karanga ni chakula kizuri cha mtoto aliyetimiza miezi sita. Lakini mahindi na karanga ndiyo mazao mawili yanayoongoza kwa kubeba sumukuvu. Kuchemsha, kukaanga au kukoboa hakuondoi sumu yote; joto la jikoni haliwezi kuivunja.

Kuhusu kinga ya shambani, Tanzania tayari ina bidhaa iliyosajiliwa mwaka 2018, inayoitwa Aflasafe. Hii haitumii bakteria bali fangasi wa udongo wa hapa hapa nchini, ndugu wa yule mwenye sumu ila yeye hana uwezo wa kuitengeneza. Hupakwa kwenye punje za mtama zilizouliwa uhai ili zisiote, kisha mkulima humwaga kwa mkono kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Fangasi mwema huwahi nafasi, na yule mwenye sumu hukosa pa kukaa. Kanuni ni ile ile ya Hazen na Brown: adui wa ukungu yumo udongoni. Punje hizo si chakula. Watoto na kuku wasizifikie mfukoni.

Mzazi afanye nini leo

Kwanza, anika juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Udongo ndiko fangasi anakoishi. Hili linahusu mahindi, karanga, na pia michembe, matobolwa na makopa ya muhogo.

Pili, pima ukavu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu yenye mfuniko, weka chumvi kavu kidogo pamoja na punje za mahindi, tikisa kwa dakika chache kisha iache itulie. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani.

Tatu, chambua kabla ya kusaga au kutwanga. Toa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye rangi ya ajabu au ukungu. Kwa karanga, hapo ndipo sumu nyingi ilipo. Zilizotolewa usiwape kuku wala ng'ombe, na usizipeleke kwenye pombe. Sumu itarudi mezani kwa njia ya maziwa au kinywaji. Zifukie.

Nne, hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa au chombo kikavu kilichoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta. Unga wa lishe saga kidogo kidogo, si wa miezi mitatu.

Tano, changanya vyakula. Mtoto asishindie mahindi na karanga asubuhi hadi jioni. Mtama, mchele, viazi vitamu, dagaa, mayai na mboga humpunguzia kiasi cha sumu na kumwongezea lishe.

Sita, hakikisha mtoto amekamilisha chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Ndani yake imo kinga ya homa ya ini B, ambayo humwondolea mwenza mbaya wa sumukuvu.

Saba, ukiona macho ya njano, tumbo kuvimba na kutapika kwa watu zaidi ya mmoja wanaokula chungu kimoja, nendeni kituo cha afya mara moja na mbebe sampuli ya unga au mahindi mnayokula.

Mpaka kati ya duka la dawa na duka la pembejeo

Kwa kuwa dawa ya mtoto na dawa ya mmea zinaweza kutoka kwa ukoo mmoja wa bakteria, wapo watakaojaribiwa kuvuka mpaka. Usichanganye vidonge vya antibiotiki kwenye bomba la kupulizia. Unawafundisha wadudu wa udongo kuzizoea dawa zinazookoa watoto wodini. Na kiuatilifu cha fangasi wa mazao kisipakwe kamwe kwenye mapunye ya kichwani mwa mtoto au fangasi wa miguuni, hata kikiwa kimeandikwa ni cha asili. Vipimo vyake, viungo vyake na usafi wake havikuandaliwa kwa ngozi ya binadamu.

Mbegu zenye rangi nyekundu, bluu au kijani zimepakwa dawa na haziliwi hata zikioshwa. Chupa tupu za viuatilifu zisitunzie maji wala mafuta ya taa. Kiuatilifu kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kiwe na kibandiko cha Kiswahili na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usipoelewa, muulize afisa ugani wa kata kabla ya kulipa. Na msimu wa Nanenane, viwanja vya Nyakabindi hapo Bariadi ni mahali pazuri pa kuwabana watafiti kwa maswali ana kwa ana.

Mvua ikianza tena na ile harufu ikapanda, wengi wataanza kuandaa majembe. Siku hiyo hiyo, ingia ghalani, fungua gunia la mahindi na kopo la karanga za mtoto, uchambue. Bakteria wana kazi yao shambani. Ya kuangalia kinachoingia kwenye sufuria ya uji ni yako, baba na mama.